Kufundisha watatu wa umri tofauti nyumbani

Dada, umeuliza utawafundishaje watoto watatu wa umri tofauti huku shamba na mifugo vikisubiri. Usiwatenganishe kwa kila somo. Maandiko, historia na sayansi wasome pamoja. Mdogo asimulie alichosikia, mkubwa aandike ukurasa. Hesabu na kusoma ndiyo kila mtu kivyake, asubuhi, dakika 15 hadi 20 zinamtosha mdogo.

Kukariri mistari ni kuzuri, ila angalia: mtoto anaweza kutamka zaburi nzima na bado hajui kusoma. Wangu alinichezea hivyo miezi kadhaa! Mpe ukurasa asiowahi kuuona, utajua.

Halafu ulizia mapema sheria ya nchi yako kuhusu kusomesha watoto nyumbani badala ya shuleni. Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida hairuhusu, hata kwa sababu za dini.