Wastani wa volti 227, na bado kompresa imeungua

SWALI: Shikamoo Fundi. Nahifadhi samaki aina ya migebuka kwenye friza mbili hapa Kibirizi, Kigoma. Kompresa ya moja, ile mota inayosukuma gesi ya baridi, imeungua. Naandika volti kila saa kwenye daftari, na wastani wake ni 227. Fundi wa friza anasema umeme wangu ni mzuri. Namba zote hizi nizifanyie nini?
Mama Migebuka

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Hilo daftari ni mali, lakini wastani uweke kando. Chukua siku yenye saa 21 za volti 232 na saa 3 za volti 190. Wastani unatoka 227 kamili kasoro kidogo, na kompresa imeteseka saa tatu nzima, ikivuta ampea nyingi, yaani mkondo mkubwa wa umeme, na kupata moto.

Tafuta karatasi ya miraba. Kila siku mstari wake, kila saa mraba wake. Paka kijani volti 220 na zaidi, njano 207 hadi 219, nyekundu chini ya 207, yaani asilimia 10 chini ya kiwango cha kawaida cha 230. Saa 2 usiku iandike 20:00, la sivyo itachanganyika na saa 2 asubuhi. Umeme ukikatika, weka K. Usiandike sifuri, maana itaharibu hesabu. Wekundu ukijipanga jioni baada ya jioni, utauona bila kupiga hesabu yoyote.

Halafu, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, andika ampea pamoja na volti, ili ujue volti ziliposhuka friza zilikuwa zinavuta umeme au la. Fundi umeme akupimie kwa klampu mita, kipimo kinachobana waya kwa nje, akibana waya wa moto (unaoleta umeme) peke yake; akibana na nyutro (waya wa kuurudisha) pamoja itasoma sifuri. Volti zikishuka friza zako zinapowaka tu, kagua waya mwembamba au kiungo kilicholegea kuanzia nguzoni hadi kwenye soketi. Zikishuka hata friza zikiwa zimezimwa, tatizo liko kwenye njia ya umeme inayokuja kwako. Tangu Kigoma iingie gridi ya Taifa umeme unatoka mbali, na njia ndefu huangusha volti mzigo wa jioni unapopanda.

Karatasi ya wiki mbili ipeleke ofisi ya umeme, waombe wapime transfoma yenu saa zile zile nyekundu. Kwa sasa nunua kifaa cha kukata umeme volti zikishuka. Friza iliyojaa samaki walioganda, usipoifungua, itavumilia saa hizo tatu.