Antivirasi Imezuia Tovuti Safi? Mtafute Kwanza Aliyeizuia

Msomaji mmoja anauliza: wateja wanaofungua duka lake la mtandaoni wanakutana na onyo la URL:Blacklist, ilhali kwake tovuti inafunguka bila shida. Afanye nini kabla hawajamkimbia wote?

Kwanza, usimwambie mteja azime antivirasi yake. Huo ndio ushauri wanaotoa matapeli. Mwombe picha ya skrini inayoonyesha jina la programu, maneno ya onyo na anwani kamili. URL:Blacklist ni onyo la antivirasi za Avast na AVG, maana yake anwani imo kwenye orodha yao ya zilizozuiwa. Avast iliinunua AVG mwaka 2016, kwa hiyo mara nyingi kesi ni moja.

Kisha ingia VirusTotal, tovuti inayokusanya maoni ya kampuni nyingi za usalama, chagua URL, ubandike anwani: yenye www, isiyo na www, na ukurasa ule ule uliozuiwa. Ukiona matokeo ya zamani, agiza uchunguzi upya. Kampuni moja au mbili zikiwa nyekundu kati ya zaidi ya 70, huenda ni kosa. Zikifika tano, mimi ningeamini kuna uchafu hadi nithibitishe vinginevyo.

Na hapa ndipo wengi hukosea: wanakimbilia kulalamika kabla ya kukagua. Msimbo mbaya mara nyingi humkwepa mwenye tovuti. Humwona ameingia kama msimamizi, ukanyamaza. Mgeni aliyetoka Google kwa simu ndiye anayepelekwa kwenye kamari. Kwa hiyo toka kwenye akaunti, tumia simu nyingine kwa data, itafute tovuti Google na uingie kupitia hapo. Kama tovuti yako ni ya WordPress, tumia WP-CLI (zana ya kuiendesha kwa amri): endesha wp core verify-checksums, halafu wp plugin verify-checksums --all. Amri hizi hulinganisha faili zako na za asili, ingawa plagini za kulipia kwa kawaida hazimo. Faili ya PHP ndani ya wp-content/uploads itilie shaka, maana hapo ni mahali pa picha. Kagua .htaccess (faili ya mipangilio ya seva) na orodha ya wasimamizi. Ukikuta kitu, safisha, sasisha plagini zote, badilisha nywila za msimamizi, FTP (njia ya kupakia faili) na hifadhidata. Ukiacha mlango ule ule wazi, onyo litarudi.

Kama kweli ni safi, tafuta kilichoiponza. Huenda mnatumia anwani moja ya IP na tovuti chafu kwenye seva ya pamoja, au jina la kikoa lilikuwa la mtu mwingine. Historia yake itazame Wayback Machine, kumbukumbu ya kurasa za zamani. Tangazo la nje nalo hutosha. Na ukurasa wenye nembo ya M-Pesa unaomba PIN? Huo unastahili kuzuiwa. PIN huandikwa kwenye ombi linalotokea kwenye simu ya mteja, si kwenye tovuti.

Sasa andika kwa kampuni iliyokuzuia, kupitia fomu yake ya kuripoti makosa. VirusTotal haina uwezo wa kukuondoa. Inaonyesha tu maoni ya wengine. Taja anwani, maneno ya onyo, tarehe, kiungo cha matokeo na ulichosafisha. Mistari sita inatosha. Onyo likiwa la Google, ombi la ukaguzi hutumwa Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, sehemu ya masuala ya usalama. Tuma mara moja, usubiri, kurudiarudia kunachelewesha.

Ukifunguliwa, kagua tena VirusTotal. Kampuni nyingine hutumia orodha za wenzao, na iliyobaki nyekundu inahitaji barua yake yenyewe.