Vueni kitako kwanza: kwa wanaoanza kukagua bunduki ya Winchester Model 70

Jamani, bado mnasoma kaliba (aina ya risasi inayoingia) iliyoandikwa juu ya mtutu kisha mnatangaza bunduki ni halisi. Haya, turudie kwa Model 70 za kabla ya 1964, maana ndizo mnazozikosea zaidi.

1. Toa bolti (chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya mtutu), chungulia chemba inapokaa risasi, ingiza kidole. Kila mara, hata mwenyewe akiapa haina risasi.

2. Geuza bolti. Chini yake kuna namba iliyochorwa kwa kalamu ya umeme, na ilingane na ya risiva, yaani mwili wa chuma unaobeba bolti na mtutu. Isipolingana, bolti hiyo imetoka bunduki nyingine.

3. Mtutu. Hapa ndipo mnapoumia. Za kaliba .30-06 na .270 zilitengenezwa kwa wingi; .300 Savage na .35 Remington ni adimu, kwa hiyo mjanja huchukua .30-06 iliyochoka, akabadili mtutu ili ionekane adimu. Vua kitako, mbao yote. Fungua skrubu 3 za chini, kisha ile ya mbele inayoshika mtutu. Hiyo ya mbele wengi huisahau, wakavuta kwa nguvu, na mbao ikameguka. Bisibisi lienee barabara kwenye ufa wa skrubu: kichwa kisicho na mkwaruzo ni ushahidi, msiuharibu wenyewe kwa haraka zenu! Sasa angalia chini ya mtutu, karibu na risiva. Kuna tarakimu 2 za mwaka wa mtutu; mwaka wa risiva hujulikana kwa namba yake. Mtutu kupishana na risiva mwaka mmoja au miwili si neno, mitutu ilikaa stoo kiwandani. Lakini risiva ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ikiwa na mtutu wa 52 (yaani 1952), mtutu huo umekuja baadaye, mwenyewe aseme asemavyo. Tazama na magazini, pale risasi zinapopangwa. Risiva zote zilikuwa na urefu mmoja, hivyo kaliba fupi kama .300 Savage ziliwekewa kipande cha kupunguza nafasi. Kikikosekana, shuku.

4. Muhuri wa WP, alama ya kiwanda kuwa bunduki imejaribiwa, uwe kwenye risiva na kwenye mtutu pia. P peke yake ndani ya duara la yai maana yake mtutu uliuzwa kama spea.

5. Risiva za kabla ya vita hazikutobolewa nyuma kwa ajili ya darubini. Ukikuta matundu hapo, kuna fundi aliyapiga.

6. Msidanganywe na rangi inayong'aa. Chuma kikisuguliwa ili kipakwe upya, kona hulegea, herufi hufifia, midomo ya matundu ya skrubu hubonyea. Mbao nayo ya kiwandani husimama juu kidogo ya chuma. Ikiwa chini yake, imepigwa msasa. Kitako kilichoongezewa mpira nyuma baada ya kutoka kiwandani pima kutoka kifyatulio: kikipungua sana chini ya inchi 13 na nusu ukiondoa mpira, kimekatwa.