Mwalimu Anajibu: Wale watoto wa Australia waliokolewa au waliibwa?

Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa pale mwalo wa Kirumba. Juzi alfajiri tukisubiri mitumbwi irudi kuna kijana akawa anatuonesha kwenye simu habari za Waaborijini, wale wenyeji wa Australia, kwamba serikali ya wazungu iliwachukulia watoto wao kwa nguvu miaka na miaka. Mjomba wangu akapinga palepale, anasema hao watoto walikua wametelekezwa, serikali iliwaokoa, halafu idadi imetiwa chumvi, na kuna waliofungua kesi wakashindwa. Tumebishana mpaka jua limetoka. Nani yupo sahihi?
*Msomaji, Kirumba*

Marahaba mwanangu. Mjomba wako hajatunga, kesi anayoisema ipo na nitaifikia, ila kwenye hilo neno kuokoa hapo mimi na yeye tunaachana.

Anza na sheria, maana ndo inaonesha nia. Huku kwetu kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto kutolewa kwa wazazi akalelewe kwingine ni jambo la mahakama, mtu aeleze mtoto kafanyiwa nini. Jimbo la New South Wales nako kwa sheria yao ya 1909 ilibidi hakimu aridhike kwanza kwamba mtoto ametelekezwa. Ile bodi iliyokua inawasimamia Waaborijini ikaona hakimu anawachelewesha, mwaka 1915 sheria ikabadilishwa, bodi ikawa inamchukua mtoto ikiona yenyewe inafaa, mzazi ndo ahangaike kukata rufaa wakati mtoto kashaondoka. Sasa nikuulize, kama kweli hao watoto walikua wametelekezwa, kwanini waikimbie kazi ya kuthibitisha?

Western Australia ndo ilizidi. Sheria ya 1905 ilimfanya ofisa mmoja, cheo chake Mlinzi Mkuu, awe mlezi kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini mpaka afike miaka 16, yani mama aliyembeba tumboni hana sauti mbele ya mtu aliyekaa ofisini Perth. A. O. Neville alikaa kwenye hicho kiti toka 1915 mpaka 1940, na kwenye mkutano wa maofisa Canberra mwaka 1937 aliuliza wazi kabisa kama nchi inataka kuja kuwa na watu weusi milioni moja, au iwachanganye na wazungu mpaka isahaulike kwamba Waaborijini waliwahi kuwepo. Ndomana waliowindwa sana ni machotara. Mtoto wa kuokolewa haangaliwi rangi ya ngozi, anaangaliwa kama amekula na kama anapigwa.

Na ukimuokoa mtoto humnyang'anyi jina. Kwenye bweni la wavulana la Kinchela kule New South Wales, walikowekwa watoto waliochukuliwa, lililofunguliwa 1924 likafungwa 1970, watoto waliitwa kwa namba. Wewe wa Kirumba unajua jina kwetu ni nini, mtoto kazaliwa mvua inanyesha anaitwa Mabula, akiwa wa kike Kabula, kila akiitwa anakumbushwa siku aliyokuja duniani na waliokuwepo. Halafu huyo huyo apewe namba, na akiongea lugha ya mama yake achapwe. Mimi nimefundisha darasani miaka 31 na hili bado linanikaba koo.

Haya, kesi. Mjomba anaongelea ya Lorna Cubillo na Peter Gunner, wawili waliochukuliwa utotoni wakaja kuishtaki serikali ya Australia, hukumu imetoka mwaka 2000 na kweli walishindwa. Ila mwambie aangalie walishindwaje. Jaji alikubali kabisa kwamba wameumia. Cubillo alipakiwa kwenye lori mwaka 1947 na watoto wenzake, wakapelekwa Darwin, wamama wamebaki wanalia. Tatizo likawa ushahidi, miaka imepita, mashahidi wengi wamekufa, makaratasi hayapo. Kwa Gunner karatasi ilikuwepo, fomu ya kuomba mtoto apelekwe hosteli, na chini yake dole gumba la mama yake, jaji akalichukua kwamba mama aliridhia.

Hilo dole gumba ndo linanikosesha usingizi. Marehemu mama yangu alikua analima pamba Magu, hakuwahi kuingia darasani, na msimu mmoja mnunuzi alimletea karatasi akabonyeza kidole kwenye wino akaweka. Jioni akanipa niisome, nilikua darasa la tano, nikasoma nikamwambia mama hapa umekubali bei ndogo kuliko mliyoongea. Alikaa kimya muda mrefu, akafuta wino uliobaki kidoleni kwa khanga, akaniambia walikua wamesimama wanne na mizani yao, mimi ningesema nini. Hiyo ni pamba tu. Mama wa Gunner mbele yake ilikuwepo serikali nzima, na fomu imeandikwa lugha ya watu wengine. Alama ya kidole ipo, sawa, ila kuridhia kwake mimi sikuoni.

Idadi nitaisema kwa kifupi. Ripoti ya tume ya taifa ya 1997, iliyoongozwa na Ronald Wilson na Mick Dodson, ilikadiria kwamba toka 1910 mpaka 1970 hivi walichukuliwa kati ya mtoto 1 katika kila 10 na mtoto 1 katika kila 3. Mwaka 2000 waziri mmoja, John Herron, akajibu kwamba haizidi asilimia 10 kwahiyo wasiite "vizazi vilivyoibwa", jina ambalo hao watoto wanajulikana nalo. Mchukulie waziri ndo kasema kweli. Darasa langu la mwisho lilikua na watoto 60. Toa sita. Halafu nenda kawaambie wazazi wa hao sita kwamba sio wengi.

Kwamba wapo waliokua na shida kweli nyumbani, wapo, sibishi, maana wazazi wenyewe walishafukuzwa kwenye ardhi yao wanaishi kwa mgao wa unga na sukari, mtoto atakosaje kukonda? Ila huwezi kumfilisi mtu halafu umnyang'anye mtoto kwasababu ni maskini.

Mwalimu, serikali yao iliwahi kuomba radhi au kulipa?
*Mwanafunzi, Nyegezi*

Kuomba radhi ndio, waziri mkuu Kevin Rudd alisimama bungeni Canberra tarehe 13 Februari 2008 akaomba radhi kwa niaba ya bunge na serikali, baada ya John Howard aliyemtangulia kukataa miaka yote aliyokaa madarakani. Hela haikuwepo kwenye ile siku. Jimbo la Tasmania lilitangulia mwaka 2006 likatenga dola milioni 5 za kwao.

Mahakamani aliyeshinda ni Bruce Trevorrow wa South Australia. Siku ya Krismasi 1957, ana miezi 13, tumbo linamuuma, akapelekwa hospitali Adelaide. Kwenye makaratasi ikaandikwa hana wazazi, na kabla hata mwezi haujapita toka alazwe kakabidhiwa familia ya kizungu. Mama yake aliandika barua kuuliza mwanae anaendeleaje, akajibiwa anaendelea vizuri ila daktari hajaruhusu arudi, na muda huo mtoto hospitali alishatoka siku nyingi. Alirudishwa ana miaka kama 10, mama na mtoto hawajuani. Agosti 2007 mahakama ikaamua alichukuliwa kinyume cha sheria, alipwe dola 525,000. Mwaka uliofuata akafariki.

Mwalimu shikamoo, nimesoma toleo lililopita ulipogusia hayo mambo ya Australia nikaogopa. Nina binti wa miaka 13 nimemchukua kwa wazazi wake Ukerewe, ananisaidia kazi za ndani, tulikubaliana nitamsomesha ila bado hatujaanza. Na mimi ndo hivohivo?
*Mama wa Nyakato*

Marahaba mama, na umefanya vizuri kuuliza. Hapana, wewe sio serikali na hujaja na polisi, wazazi wake wanajua yupo wapi. Ila kuna kitu nisikufiche. Kule Cootamundra, New South Wales, kulikua na bweni la wasichana wa Kiaborijini, wanafundishwa kufua, kupika na kupiga pasi, halafu wakiwa na miaka 14 hivi wanapelekwa kwenye nyumba za wazungu kuwa wafanyakazi wa ndani, mshahara unashikiliwa na bodi na wengi hawakuuona. Nao waliambiwa wanasaidiwa wapate maisha. Wako hajafika hata hiyo 14, na sheria yetu inakataza kumuajiri mtoto wa chini ya huo umri, kwahiyo hapo hakuna cha kusubiri muhula mpya, jumatatu nenda nae shule ya karibu na mtendaji wa mtaa awe anajua, au mrudishe kwao na nauli ya meli ulipe wewe.

Na leo usiku mpe simu aongee na mama yake. Kwa Kikerewe chao. Wewe toka nje, kaa barazani, mpaka amalize mwenyewe.