Boksi la diski mbili sebuleni: uzito wake siyo ugonjwa

SWALI: Mkuu habari za majukumu. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Morogoro. Mwaka jana nilinunua boksi la NAS (la kuhifadhia mafaili kupitia mtandao wa nyumbani) la mtumba lenye diski mbili za TB 2, nimeliunga kwenye ruta ya nyumbani. Linanichosha. Kuhamisha harusi moja ya GB 120 ni masaa matatu, haivuki MB 11 kwa sekunde. Laptop mpya ya Windows 11 haitaki kulifungua kabisa, ile ya zamani inafungua. Kuna fundi kaniambia mambo matatu: niziunge diski mbili ziwe kama moja, yaani RAID 0, spidi iongezeke, niwashe SMB1 (njia ya zamani ya Windows ya kufungua mafaili ya mtandaoni), halafu nifungue poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta ili wateja wapakue picha wenyewe. Picha zote tangu 2019 zipo humo, kwenye laptop nilishafuta nipate nafasi. Nifuate ushauri wake?

JIBU: Mkuu usibonyeze kitu kwanza. Hasa hiyo RAID 0, usiiguse kabisa, maana boksi likibadilishwa kwenda RAID 0 linaanza kwa kufomati diski zote mbili, na wewe umeniambia kwa mdomo wako kwamba picha tangu 2019 zipo humo tu. Huyo fundi alikuuliza kama una nakala sehemu nyingine? Najua hakukuuliza. Hawaulizagi.

Na la kuchekesha ni kwamba ungepoteza kila kitu na spidi ingebaki ileile. Hiyo namba 11 naijua kama namba yangu ya simu. Waya wa mtandao wa megabiti 100 ukigawa kwa nane unapata MB 12.5 kwa sekunde, toa makandokando inabaki 11 na kitu, kila mtu anayeniletea malalamiko ya NAS nzito ananitajia hiyohiyo. Diski moja peke yake, hata ya zamani, inasoma MB 100 na zaidi, kwa hiyo ukiziunga mbili ni kama kuongeza tenki la pili juu ya paa wakati bomba la kuingia jikoni ni la nusu inchi.

Angalia nyuma ya ruta. Ruta nyingi tunazopewa na watu wa intaneti zina poti za megabiti 100 tu, basi hapo umeshapata mchawi, nunua suichi ndogo ya gigabiti ya poti tano, haifiki laki, laptop na boksi vyote uvichomeke kwa waya kwenye hiyo suichi, ruta nayo uichomeke humohumo. Kama ruta ni ya gigabiti basi mara nyingi mchawi ni waya. Gigabiti inataka nyuzi zote nane ziwe nzima, megabiti 100 inatumia nne tu, na kuna mafundi wanabana nne makusudi ili waya mmoja wautumie sehemu mbili, taa inawaka, intaneti inapita, mteja anashukuru. Uzi mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika ndani ya plastiki nao hivyohivyo, vifaa vingi vinakubaliana kushuka kwenye 100 kimyakimya bila kukuambia. Kata kichwa cha waya, hesabu rangi.

Ila usitegemee miujiza. Haya maboksi ya bei rahisi yana prosesa dhaifu na RAM kiduchu, hata ukilipa gigabiti kamili halitafika 110, ukipata 30 au 40 shukuru Mungu. Kwa 35 harusi yako ya GB 120 inaingia kwa kama saa moja. Picha elfu tatu ndogondogo zitaenda taratibu kuliko video moja kubwa, hiyo ni kawaida, kila faili lina salamu zake. Na usiliongezee kazi, mtu anashusha torenti, anaonyesha muvi kwenye TV na kunakili harusi vyote kwa pamoja halafu anasema boksi bovu. Panga kunakili usiku, lala.

Suala la Windows 11 nalipita haraka. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 Windows imekaza, haitaki kuingia kwenye folda kama mgeni asiye na paswedi na inataka mawasiliano yenye saini, maboksi ya zamani mengi hayana hayo. Kwanza tengeneza jina na paswedi ndani ya boksi uache kuingia kama mgeni, halafu tafuta kwenye seti zake kama kuna sehemu ya kuwasha SMB2, mdogo wake SMB1 aliye mpya zaidi, mara nyingi ipo imefichwa na inakuja imezimwa. Kama kweli halijui chochote zaidi ya SMB1, tumia ile laptop ya zamani kuhamishia. SMB1 ndiyo mlango uliotumiwa na virusi vya WannaCry, vile vya kufunga mafaili na kudai hela, Mei 2017 na Microsoft wenyewe wakaacha kuiweka kwenye Windows mpya mwaka huohuo. Ukilazimika sana, pale kwenye orodha ya "Windows Features" chini ya SMB 1.0 weka tiki kwenye "Client" peke yake, ya "Server" iache.

Sasa turudi kwenye sentensi yako ya mwisho, maana mimi inayonikimbizia usingizi ni hiyo, siyo MB 11.

"Kwenye laptop nilishafuta nipate nafasi." Aisee. Watu wananiambia hii wakiwa wametulia kabisa, wengine kwa majivuno, "mimi fundi nina bakapu, zote nimeweka kwenye NAS". Nauliza na orijino ziko wapi, wananiangalia kama nimeuliza swali la ajabu. Orijino ndiyo hizo! Mkuu hiyo siyo bakapu, hiyo umehama nyumba tu. Ulikuwa unaishi kwenye laptop sasa unaishi kwenye boksi la mtumba. Bakapu ni nakala ya pili, ukifuta ya kwanza ya pili inageuka kuwa ya kwanza na huna kitu nyuma yake.

Najua utaniambia zipo diski mbili. Haya, fungua ukurasa wa boksi uangalie linasema nafasi yote ni ngapi. Likisema kama TB 1.8 basi upo RAID 1, diski ya pili inaiga ya kwanza. Likisema kama TB 3.6 basi umeunganishiwa zote kuwa moja, aliyekuuzia alitaka namba ionekane kubwa, na diski moja ikifa leo ujue imekula kwako, vipande vinavyobaki kwenye ya pili havina kichwa wala miguu.

Na hata ukiwa RAID 1 usijipongeze. Kuiga maana yake ni kuiga kila kitu sekunde hiyohiyo. Mtoto akifuta folda ya harusi kutoka kwenye simu, imefutika kwenye diski zote mbili. Virusi vikifunga mafaili vimefunga pande zote mbili. Umeme ukirudi kwa kishindo ukaunguza bodi, diski zote mbili zipo kwenye adapta moja, boksi moja, kabati moja la TV, na mwizi akija habebi diski moja akakuachia nyingine. RAID 1 inakulinda na jambo moja tu, diski moja kufa kifo cha kawaida, ili uendelee na kazi huku ukitafuta nyingine. Basi. Hilo neno "salama" wanalobandika wauzaji mtandaoni limeshaniletea watu wanalia dukani.

Kuna mama mmoja alinijia boksi likiwa kwenye kikapu limefungwa kanga kama mtoto. Video za harusi ya binti yake na picha za marehemu mume wake. Umeme ulikatika ukarudi, boksi likawa linawaka taa sekunde mbili linazima. Kijana wa mtaani akasema diski zimekufa, akazitoa, akachomeka moja kwenye laptop yake, Windows ikamuuliza anataka kuifomati? Akakubali. Diski za haya maboksi zinapangwa kwa mtindo wa Linux, Windows haijui kuzisoma, kwa hiyo lazima iulize hivyo hata kama diski ni nzima kabisa! Akashtuka haoni kitu, akaweka programu ya kurudisha mafaili, alichokipata akakihifadhi kwenye diski ileile, juu ya vile alivyokuwa anavitafuta.

Mimi nikachukua adapta kwanza. Kibandiko kinasema volti 12, kipima kikasoma 12 vizuri, nikaibebesha mzigo ikashuka hadi 7. Adapta tu mkuu. Nikachomeka nyingine ya volti 12 na ampea zilezile, boksi likawaka likakaa, feni ikaanza kuzunguka na vumbi lake, likaniambia diski moja siijui. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa bei ya pilau ya watu watatu. Kwa vile zilikuwa zimeungwa kuwa moja, nikaweza kuokota picha ndogondogo nyingi, lakini video kubwa zote zilifunguka dakika ya kwanza zikakwama. Yule mama aliniuliza mara mbili kama nimejaribu ya ukumbini, nikamwambia nimejaribu. Yule kijana alishalipwa.

Ndiyo maana nikisikia "kuna fundi kaniambia" damu inanichemka. Hawa mafundi maiko wana dawa zao: weka diski kwenye friza usiku mzima, igongegonge kwa ubavu, tuifungue tuone, tubadilishe bodi kutoka diski ya aina hiyohiyo. Friza inaleta umande juu ya sahani za ndani ya diski zinazobeba mafaili. Ukiifungua mezani, kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, chembe ya vumbi la Kariakoo kwake ni jiwe la barabarani. Na bodi za diski za siku hizi zina chipu yenye vipimo vya diski hiyohiyo moja, ukipachika ya jirani bila kuhamisha hiyo chipu hupati kitu. Diski ikianza kulia tik tik, zima, usiwashe tena kujaribu, kila ukiwasha inajikwangua. Kama mafaili yana thamani peleka kwa wanaofanya kazi hiyo kwenye chumba kisicho na vumbi, na kama bei inakushinda iweke kwenye droo hadi uipate, droo haiharibu kitu.

Kuhusu kufungua poti, jibu ni hapana na sitaki mjadala. Kwanza intaneti nyingi za nyumbani kwetu zinapita kwenye mitandao ya simu, huna anwani yako mwenyewe ya nje, unachangia na wenzako, kwa hiyo hata akifungua hiyo poti haitafika popote, hela ameshachukua. Ikifika ndiyo mbaya zaidi. Juni 2021 watu wenye WD My Book Live waliamka wakakuta boksi tupu, miaka ya picha imefutwa kwa amri iliyotoka nje kupitia intaneti, kifaa kilikuwa hakijapata apdeti tangu 2015, kampuni ikawaambia wachomoe kwenye intaneti. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba maboksi ya D-Link ya familia ya DNS-320L na wenzake yana akaunti iliyojificha ndani isiyodai paswedi, kampuni ikasema hayo tumeshayastaafisha, nunueni mengine. Hizo ni kampuni kubwa. Lako la mtumba nani analiandikia apdeti? Ingia kwenye ruta leo uzime kitu kinaitwa UPnP, maana mengine yanajifungulia poti yenyewe bila kukuuliza, na zima "klaudi" ya boksi kama ipo. Mteja akitaka picha zake mpandishie Google Drive umtumie linki, GB 15 ni bure, akishapakua futa uweke za mwingine.

Wewe sasa fanya hivi kabla ya suichi, kabla ya waya, kabla ya kitu chochote: nunua diski ya nje ya USB ya TB 4, nakili kila kitu kilichomo kwenye boksi. Kwa MB 11 terabaiti moja ni kama masaa 25, iache ifanye, usikae unaitazama. Ikimaliza fungua picha za 2019 kumi hivi, kubwa, siyo zile ndogo za kioo, na video mbili uziburuze hadi mwisho uone zinacheza. Halafu ichomoe uipeleke kwa shemeji au kwa mama, irudi kwako mara moja kwa mwezi kuongezewa mpya. Ikibaki imechomekwa nyuma ya boksi haina maana, radi haichagui. Boksi lenyewe liwekee UPS ndogo, litoe kwenye kabati lipate hewa, pangusa feni, na kwenye ukurasa wa afya ya diski angalia mstari wenye namba 5 na wenye 197, inayohesabu sehemu mbovu za diski, vikiwa sifuri vyema, ukiona vinapanda wiki hadi wiki anza kutafuta diski nyingine na usisubiri ilie.

Mtumba nao, muulize aliyekuuzia diski zilikuwa humo au aliziweka yeye, maana kuna watu wanatoa diski za kamera za ulinzi zilizokimbia mchana na usiku miaka mitano wanazipangusa zinang'aa. Mstari wa 9 utakuambia zimefanya kazi masaa mangapi, mwaka mmoja mfululizo ni 8,760.

Ukishanakili ndiyo tuhangaike na hiyo 11. Niandikie tu taa ya poti kwenye ruta inawaka rangi gani, na ukikata kichwa cha waya umekuta nyuzi nne au nane.