Fundi, pikapu yangu inazima nikiachilia mafuta

SWALI: Fundi, hujambo? Nina Hilux ya 1995, injini ya dizeli ya aina ya 3L. Nabeba nayo kabeji kutoka Limuru hadi Marikiti. Asubuhi inawaka, inanguruma sawa kama dakika moja, kisha mlio unapanda na kushuka wenyewe. Nikitoa mguu kwenye mafuta, inazima. Juzi ilinizimikia Waiyaki Way mara tatu, matatu zikinipigia honi kana kwamba nimefanya kusudi. Fundi wa mtaani alibadilisha hita plagi, wapi. Akakaza skurubu ya pampu. Sasa haizimi sana lakini inavuma kama trekta hata nikiwa nimesimama. Anasema pampu imekufa, nitafute nyingine. Halafu kuna hili: nikiiegesha nyumbani ikiangalia mlimani, kesho yake inasumbua zaidi.
Mama Kabeji, Kangemi

JIBU: Mama, hiyo pesa ya pampu iweke kwanza. Jibu umeliandika mwenyewe pale mwisho, kwenye habari ya mlima.

Tangi la pikapu yako liko nyuma na halina pampu ndani. Pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayovuta dizeli yenyewe, kama mtoto anavyonyonya soda kwa mrija. Mrija ukitoboka, soda haimwagiki, unanyonya upepo. Ndiyo maana fundi wako amemulika chini ya gari, hajaona tone, akaisingizia pampu. Ikilala imeinua pua, dizeli inarudi tangini polepole na hewa inachukua nafasi yake. Asubuhi inawaka kwa ile kidogo iliyobaki, kisha mapovu yanafika. Na injini isipokanyagwa inatumia dizeli kiduchu sana, kwa hiyo hata povu dogo linaiyumbisha.

Nayajua haya kwa aibu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa Kirinyaga Road (sisi wazee bado tunaiita Grogan), nilifungua pampu ya mteja, nikabadilisha sili zote, nikarudisha. Injini ikayumba vilevile. Kijana aliyekuwa akiosha vyuma akachota grisi kwa kidole, akaipaka kuzunguka ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Injini ikatulia pale pale. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka. Mteja alinilipa nusu, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo mwambie fundi atoe mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, aweke kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kisha awashe. Mkiona mapovu yanapita, fuateni njia mkirudi nyuma: pampu ya mkono, koki ya kutolea maji chini ya filta, klipu zilizolegea, mipira iliyokauka na kupasuka penye mkunjo. Akibisha, aning'inize juu ya pampu jerikeni safi la lita 5 lenye dizeli safi, achomeke mpira wa pampu humo, atoe hewa, awashe. Injini ikitulia, pampu haina kesi.

Hewa ikishazibwa, arudishe ile skurubu alikoitoa, injini ikiwa moto. Mizunguko 700 hivi kwa dakika inaitosha 3L. Ukiiacha ilivyo sasa, gia zitakukwaruzia na dizeli itaisha ukiwa umesimama kwenye foleni.

Kama hakuna mapovu kabisa, na injini inatikisika kwa mpigo uleule bila kupanda na kushuka, hapo tushuku nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Alegeze nati za paipu za nozo kwa spana 17, moja baada ya nyingine, injini ikinguruma. Kila nati ikilegezwa mlio lazima ubadilike. Ile isiyobadilisha kitu ndiyo ya silinda mvivu. Afunike nati kwa kitambaa na asisogeze kidole. Dizeli ya hapo ina shinikizo la kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, hata likionekana kama limechomwa na sindano tu.

SWALI: Jirani ananishauri nichanganye mafuta taa kidogo kwenye dizeli ili injini "ijisafishe". Nifanye?
Dereva, Kariobangi

JIBU: Hapana. Pampu za magari mengi makuukuu zinalainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili nyingine, na mafuta taa ni makavu. Zamani watu walichanganya kwa sababu yalikuwa ya bei rahisi. Mwaka 2018 serikali ikayawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kukomesha mchezo huo. Mwambie jirani akajisafishie jiko lake.