Katuni yako ifike hewani: maswali ya wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za safari hii zina kilio kimoja: katuni inang'aa kwenye kompyuta, lakini ikifika kituo cha televisheni inarudishwa. Tumejibu kwa mifano ya Blender, inayotengeneza katuni, na FFmpeg, inayogeuza mafaili ya video kwa amri za kuandika, kwa kuwa zote mbili ni za bure. Kurenda ni kuiacha kompyuta itoe picha za mwisho za katuni. Anayetumia programu nyingine azichukue namba, kwani hazibadiliki.

Natengeneza katuni ya watoto kuhusu Mtwa Mkwawa, na huwa narenda moja kwa moja kuwa MP4. Umeme ulikatika ikiwa imebaki kidogo sana, sasa faili halifunguki kabisa. Kuna programu ya kulifufua?
*Mchoraji, Kihesa, Iringa*

Zipo, ila usiziwekee matumaini. MP4 ya kawaida huandika fahirisi yake mwishoni kabisa, baada ya fremu ya mwisho. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zimo ndani ya faili lakini hakuna kinachoieleza programu fremu ipi inaanzia wapi.

Dawa ni kuacha kurenda video. Renda picha moja moja: PNG, RGB, biti 16. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 haitazidi sana megabaiti 12, kwa hiyo sekunde 30, yaani fremu 750, zinaenea ndani ya gigabaiti 10. Kwenye ukurasa wa Output ondoa alama ya Overwrite, weka alama ya Placeholders. Umeme ukirudi, panga mafaili kwa ukubwa, futa yote yenye baiti sifuri pamoja na ile fremu ya mwisho iliyokatikia katikati, kisha bonyeza kurenda tena. Blender itaruka zilizokwisha na kujaza mapengo. Mpangilio huohuo unaruhusu kompyuta mbili zilizounganishwa kwenye folda moja zigawane kazi. Kama fremu moja inachukua dakika 4, fremu 750 ni saa 50. Hakuna UPS ndogo ya kubeba mzigo huo. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu.

Mtu atakwambia utumie EXR, aina nyingine ya faili la picha, badala ya PNG. Ni nzuri kwa anayekwenda kusahihisha rangi baadaye, lakini EXR huhifadhi mwanga ulivyo, bila ule mwonekano unaouona kwenye skrini ya Blender. Ukiipeleka moja kwa moja FFmpeg bila kuirekebisha, picha hutoka ya giza. Kwa kuanzia, baki na PNG.

Shikamoo mtaalamu. Nimetengeneza tangazo la sekunde 30 la mbegu za viazi kwa duka la pembejeo. Kituo kimenitumia karatasi: 1080i50, XDCAM HD422, MXF OP1a, Rec. 709, −23 LUFS. Mimi nina MP4 ya H.264. Nibadilishe tu mwisho wa jina iwe .mxf?
*Kijana wa studio, Mwanjelwa, Mbeya*

Marahaba. Kubadilisha jina hakugusi kilichomo ndani, na mashine ya kituo itakataa mara moja. Hata hivyo umeshapiga hatua ambayo wengi huiruka: una karatasi ya kituo. Anayerenda kwanza akauliza baadaye hurenda mara mbili.

Tuisome karatasi yenyewe. 1080i50 ni picha ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ikigawanywa fildi mbili: mistari ya shufwa na ya witiri. Ndiyo maana ya 50. Tanzania ni nchi ya mfumo wa 25, wakati Blender mpya hufunguka ikiwa na 24. Badilisha kabla hujasogeza kitu chochote. Hesabu fremu zako pia: tangazo la sekunde 30 ni kuanzia fremu ya 1 hadi ya 750. Ukianzia 0 ukaishia 750 una fremu 751, na mtambo wa kurusha matangazo utaikata ya mwisho au utalikataa faili.

MXF OP1a ni aina ya faili linalobeba picha na sauti pamoja, na Rec. 709 ni hesabu ya rangi za HD. XDCAM HD422 ni kodeki (njia ya kubana video) ya MPEG-2 yenye kasi ya megabiti 50 kwa sekunde na rangi za 4:2:2, yaani taarifa za rangi zimepunguzwa nusu kwa upana tu. Sekunde 30 zake ni kama megabaiti 190, ukiongeza sauti inakaribia 200. MP4 yako kwa kawaida ni 4:2:0: taarifa za rangi zimepunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Angalia maandishi mekundu juu ya kijani, utaona kingo zimevuja. Kuigeuza sasa kuwa 4:2:2 hakurudishi kilichokwisha kutupwa, kwa hiyo usianzie kwenye MP4. Rudi kwenye picha zako za PNG, utoe kwanza faili mama, lile la ubora wa juu la kutolea nakala nyingine, kwa kodeki ya ProRes 422 HQ:

`ffmpeg -framerate 25 -i viazi_%04d.png -i viazi.wav -vf "scale=out_color_matrix=bt709:out_range=tv,format=yuv422p10le" -c:v prores_ks -profile:v 3 -color_primaries bt709 -color_trc bt709 -colorspace bt709 -c:a pcm_s24le -ar 48000 viazi.mov`

Faili hilo litakuwa kama megabaiti 700. Ukilibana ili lipungue, utaingia gharama baadaye. Likiwa zima, kila kituo utakitolea nakala yake bila kurenda upya. Angalizo: namba za picha zikiruka, tuseme 0412 haipo, FFmpeg husimama palepale bila kelele na unapata video fupi. Zikianzia 0101, ongeza `-start_number 101` kabla ya `-i` ya kwanza.

Kutoka kwenye mama kwenda MXF, njia isiyo na kona ni Adobe Media Encoder au Premiere: chagua MXF OP1a, kisha XDCAMHD 50 PAL 50i. Kwa FFmpeg inawezekana, ukikumbuka `setfield=tff` na `-flags +ildct+ilme`, kwani kwenye HD fildi ya juu ndiyo inayotangulia. Ukikosea mpangilio huo, kila kinachotembea kitatetemeka mbele na nyuma. Katuni ya fremu 25 inayowekwa ndani ya 50i haina tatizo lolote: fildi zote mbili zinatoka kwenye fremu moja.

Sauti: WAV ya 48 kHz, biti 24. Kipimo cha −23 LUFS, yaani ukubwa wa sauti inavyosikika, kinatokana na mwongozo wa Ulaya, EBU R 128, na kilele cha kweli hakitakiwi kuvuka −1 dBTP. Pima hivi:

`ffmpeg -i viazi.wav -af ebur128=peak=true -f null -`

Mwishoni utaona mstari wa I, ambao ni kipimo cha sauti nzima kwa LUFS. Sauti iliyochanganywa kwa ajili ya YouTube huwa karibu na −14. Basi ishushe desibeli 9, hesabu imekwisha. Usiogope kwamba tangazo litasikika dogo. Kituo chenye kidhibiti sauti kitaishusha hata hivyo, na ile iliyobanwa ili ipige kelele itabaki bapa, bila pumzi. Ulizia pia kama wanataka chaneli mbili, nne au nane, na kama kila chaneli ikae kwenye traki yake ya mono.

Kijani cha mashamba ya chai kwenye katuni yangu kinageuka cheusi-cheusi televisheni, na nembo nyekundu ya mteja inaelekea rangi ya chungwa. Skrini yangu ya kompyuta ni mbovu?
*Mbunifu, Mafinga*

Skrini yako haina kosa. Dalili hizo mbili zikija pamoja ni alama ya hesabu ya rangi ya SD, Rec. 601, kutumika kuandika picha inayosomwa kwa hesabu ya HD, Rec. 709. FFmpeg isipoambiwa kitu, hugeuza RGB kwa hesabu ya 601. Ndiyo kazi ya `out_color_matrix=bt709` kwenye amri tuliyompa kijana wa Mwanjelwa. Kuandika lebo za bt709 peke yake bila kipande hicho hakusaidii: unabandika lebo mpya juu ya hesabu ileile ya zamani.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana nao. Weusi ukiwa kijivu na picha nzima imepauka, tatizo ni kiwango. Televisheni ya biti 8 huweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235. Kompyuta hutumia 0 hadi 255. Programu ya kutoa video hufanya ubadilishaji huo yenyewe. Mtu akishasikia "16 mpaka 235" anabana rangi kwa mkono kwenye uhariri, halafu programu inabana tena. Kubana ni mara moja tu.

Na kama nembo ilishapauka kabla hata ya kutoka Blender, tazama Color Management. Tangu toleo la 4.0 mwonekano wa mwanzo ni AgX, ambao hulainisha rangi kali kama kamera ya filamu. Kwa michoro bapa na nembo weka Standard. Anga ya ukungu kama ya Kitulo ikionyesha ngazi-ngazi, sababu ni kwamba XDCAM ni ya biti 8. Ongeza chembechembe kidogo juu ya picha, ngazi zitapotea.

Ramani yangu ya barabara ya Makambako hadi Tunduma inametameta runingani, na namba ya simu ya mteja imekatwa pembeni.
*Msomaji, Tukuyu*

Mstari wa mlalo wenye unene wa pikseli moja huangukia kwenye fildi moja tu, kwa hiyo huonekana na kupotea mara 25 kwa sekunde. Fanya mistari iwe pikseli 3, usishuke chini ya 2, na epuka herufi zenye vimikia vyembamba. Ukitaka mwendo laini kweli, renda fremu 50 kwa sekunde, kisha zisuke kuwa fildi: `-vf tinterlace=mode=interleave_top:flags=low_pass_filter`. Hicho kipande cha mwisho hulainisha picha kwa wima na kupunguza kumetameta.

Namba ya simu: maandishi yote yakae ndani ya mpaka wa pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Kitu cha maana kinachotembea kisivuke 67 na 38. Lakini kwa hadhira yetu tungeongeza sharti. Kuna nyumba ambazo bado zina TV ya chogo iliyounganishwa na king'amuzi, na king'amuzi kikipangwa kujaza skrini ya 4:3 hukata pikseli 240 kila upande. Namba ya simu na bei ziweke ndani ya pikseli 1440 za katikati. Tangazo lisilosomeka namba ni hela imetupwa.

Kituo kimekataa katuni yetu ya kimondo cha Mbozi kwa sababu ya "mimweko". Ni nini hiyo?
*Kikundi cha vijana, Vwawa*

Mwanga unaowaka na kuzima haraka unaweza kusababisha degedege kwa mtu mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Desemba 1997 huko Japani mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni. Kanuni ni kutozidi mimweko 3 kwa sekunde pale inapochukua zaidi ya robo ya skrini. Njia rahisi ni kutenganisha mwako na mwako kwa angalau fremu 9, au kupunguza tofauti ya mwanga kati yao. Nyekundu iliyokolea ni hatari zaidi. (Halafu msichore shimo kubwa kama la Ngozi, pale Mbozi kimondo hakikuacha kreta inayoonekana.)

Nilishatengeneza katuni yote kwa fremu 30. Nianze upya?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Hapana, ila usiiachie programu ya uhariri ifanye kazi hiyo. Itatupa fremu moja katika kila 6 na mwendo utakuwa wa kurukaruka. Kwenye Blender weka 25, fungua Time Stretching, andika Old 30, New 25, rekebisha fremu ya mwisho, urende tena. Mifumo ya fizikia iliyokwisha hifadhiwa itabidi uikokotoe upya, na sauti haiguswi.

Utepe wa majina ya wageni niliotengeneza una ukingo mweusi kuzunguka herufi.
*Mhariri wa kituo, Njombe*

Picha imezidishwa tayari na alfa yake (taarifa ya wapi picha ni angavu na wapi si angavu) juu ya nyeusi, na programu yako inaisoma kana kwamba haijazidishwa. Badilisha namna ya kusoma alfa upande wa kupokea. Ukingo ukigeuka mweupe au wenye meno, umekwenda upande wa pili. PNG ya Blender huhifadhi alfa isiyozidishwa, EXR iliyozidishwa, kwa hiyo usizichanganye kwenye kazi moja. Kwa video tumia ProRes 4444: `-profile:v 4 -pix_fmt yuva444p10le`. Kama mnarusha kwa OBS, WebM ya VP9 inabeba alfa na ni nyepesi. H.264 mliyozoea haibebi, mandharinyuma yatatoka meusi.

Nitumeje faili kutoka Makambako hadi Dar es Salaam bila kumaliza bando?
*Msomaji, Makambako*

Nakala ya MXF ya tangazo ni nyepesi kuliko faili mama, itume hiyo. WhatsApp ikituma kama video huikandamiza upya. Tuma kama hati. Kwa kipindi kirefu, flashi kwenye basi bado ni njia halali, mradi iwe exFAT: FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4. Kabla ya kutuma, kwenye Windows andika `certutil -hashfile viazi.mxf MD5` na uwatumie kituo ule mfuatano wa herufi kwa ujumbe. Wakipima kwao wakapata tofauti hata herufi moja, faili limeharibika njiani, litumwe upya kabla halijaingizwa kwenye ratiba.